Shahidi Mwenye Wivu

Uliyekosa gazeti la wiki jana usihangaike kuazima kwa jirani. Nakufungulia njia kwa maneno machache.

Spès, mshona nguo za maharusi pale Muhima, yule wa mikosi mnayoijua, alipata mteja mpya. Mteja anaitwa Shallon, ana mtoto mchanga wa kike, na alikuja kukodi mushanana, ile nguo ya kutupia begani, kwa ajili ya sherehe ya kumpa mtoto jina. Alitaka rangi iendane na shati la mumewe. Akatoa simu ili Spès aione hiyo rangi kwenye picha ya mume.

Mume kwenye picha alikuwa Keith. Na Keith huyohuyo ndiye aliyekuwa anakuja Kagarama Jumamosi kumposa Umulisa, rafiki wa chanda na pete wa Spès!

Tuliishia hapo, na simu zenu hazikunipa usingizi. Alimwambia? Hakumwambia?

Alimwambia. Lakini tulieni niwaeleze alivyomwambia, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika. Spès mwenyewe kanisimulia huku analia, na kaniomba nisimpambe. Haya, simpambi.

Kwanza alikaa nalo. Shallon alikuja Jumatatu. Jumanne Spès kimya, Jumatano kimya, kama mtoto aliyeficha andazi mfukoni. Alikuwa anashona huku anaimba. Natacha, msichana wa cherehani ya pili, alimshangaa.

"Dada Spès, umeshinda bahati nasibu?"

"Kwani mtu akiimba lazima awe ameshinda kitu?"

Alifurahi, jamani. Ndiyo hivyo. Najua kuna wasomaji wanasonya sasa hivi, lakini kumbukeni siku ya posa yake mwenyewe, tuliyoisoma hapa. Mahema mawili yakitazamana, pombe ya ndizi imeiva, jamaa wamevaa wakapendeza, na viti vya upande wa bwana vikabaki vitupu mpaka jua likazama. Aliyebaki naye kukunja viti alikuwa Umulisa peke yake.

Tangu hapo Spès amevalisha maharusi wa watu. Na kila akibana pini ya mwisho begani kwa bibi harusi, kuna kitu kinamchoma yeye. Hakuwahi kumwombea Umulisa mabaya. Ila mabaya yalipokuja yenyewe bila kuombewa, moyo wake ulipiga vigelegele.

Alhamisi akaenda Kagarama kupima nguo kwa mara ya mwisho. Umulisa amesimama mbele ya kioo, Spès amepiga magoti nyuma yake, pini mdomoni. Akazitoa pini.

"Umulisa, Keith ana mke. Ana mtoto pia. Nimeona picha kwa macho yangu."

Umulisa hakugeuka. Alimtazama kupitia kioo, akamtazama weee.

"Mbona unatabasamu?"

"Nani, mimi?"

"Wewe, Spès. Unaniambia mchumba wangu ana mke, na meno yote nje!"

Spès akainua macho kwenye kioo. Lo! Meno yalikuwa nje kweli. Akajaribu kufunga mdomo, mdomo ukagoma.

"Umulisa, nisikilize kwanza. Mwanamke anaitwa Shallon, anakaa Gikondo nyuma ya magereji..."

"Sitaki. Mimi nimekulia Mwanza, na Mwanza tuna kitu tunaita wivu wa maendeleo. Mwenzako kajenga, na wewe unajenga. Huo mzuri, unamsukuma mtu. Huu wako siyo huo. Hii ni husuda. Una roho ya kwanini, Spès! Kwanini yeye, kwanini siyo mimi!"

"Wivu ninao, sikatai. Lakini picha..."

"Toka kwangu. Natacha atanivalisha."

Akatoka, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

Na unafikiri Umulisa alifanya nini? Alimpigia Keith akamwambia yote, neno kwa neno, mpaka jina la Shallon na mtaa anaokaa. Ndivyo tulivyo tukipenda. Keith, kijana wa Kampala, ulimi wake una sukari, alicheka kwenye simu.

"Mpenzi, huyo dada tumtafutie bwana. Ndiyo dawa yake."

Umulisa naye akacheka. Yakaisha.

Ijumaa asubuhi Spès akakimbilia Gikondo amlete Shallon mwenyewe, na mtoto mgongoni. Alikuta kufuli. Jirani, mama mmoja anaitwa Kabagwira, alikuwa anaanika nguo.

"Unatafuta Mama Mtoto? Hayuko. Bwana yake alileta gari na asubuhi, amepeleka bibi na mtoto Nyagatare, kwa wazazi ya bibi. Sherehe iko kule sasa."

"Mbona ghafla hivyo?"

"Mimi najua? Bwana iko na haraka sana. Hata nguo za mtoto zimebaki kwa kamba."

Spès akapiga simu ya Shallon. Ikaita, ikaita, halafu ikazimwa. Alisimama pale uani akitazama nguo ndogo za mtoto kwenye kamba, na ile furaha ya Jumatatu alikuwa haijui tena ilikokwenda. Alichobaki nacho ni hofu. Kesho yake Umulisa angetolewa mbele ya watu, akabidhiwe kwa mwongo, na mtu pekee anayejua ni yule asiyeaminika.

Akaenda kwa baba yake mdogo, Mzee Salvator.

Mzee huyu ni mtu wa Gikondo, zamani fundi wa magari, siku hizi anaishi kwa ulimi wake. Familia zinamchukua awe msemaji siku ya posa, ile wenyewe tunaita gusaba. Kwa kuwa baba yake Umulisa alishafariki, Spès ndiye aliyempeleka mzee kwa akina Umulisa awasemee. Alimkuta anang'arisha fimbo yake ya kazi.

Akamweleza yote, hata yale meno ya kwenye kioo. Mzee akaweka fimbo chini.

"Nijibu hili kwanza, binti yangu. Una wivu au una husuda?"

"Si kitu kimoja?"

"Kwa Kinyarwanda tunasema ishyari, basi, tumemaliza. Lakini mimi na wewe tumekulia Bujumbura, Buyenzi, katikati ya Waswahili, na wao wanayagawa. Mwenye wivu anataka na yeye apate. Hasidi anataka mwenzake akose, hata kama yeye hapati chochote. Kesho hii posa ikivunjika, wewe unapata nini?"

"Sipati kitu."

"Na ulifurahi."

"Nilifurahi, baba mdogo. Sikufichi. Lakini tangu jana sili, silali. Namwona tu anaingia nyumba ile na hajui kitu. Anichukie tu, lakini asiende."

Mzee akaiokota fimbo.

"Basi imegeuka. Inaitwaje sasa sijui, ila husuda siyo."

"Nifanye nini?"

"Wewe usifanye kitu. Nitafanya mimi, kesho, mchezoni."

Kwa msomaji asiyejua, huu mchezo ni hivi. Siku ya gusaba wasemaji wawili wanapambana kwa maneno. Msemaji wa upande wa msichana anabuni vikwazo: binti yetu amekwenda masomoni Ulaya, ng'ombe wenu walikula mahindi yetu enzi za babu, kijana wenu anakoroma. Upande wa pili unajibu, watu wanacheka, mwenye kosa anatozwa faini ya pombe. Wote wanajua ni utani, na mwisho msichana anatolewa.

"Nitasema ana mke," mzee akasema. "Kijana kama ni safi, atacheka na wenzake. Kama ana hatia, jasho litamtoka mbele ya mama yake mzazi. Nimeona watu wengi, binti yangu. Mwenye hatia lazima atoke jasho."

Mimi nasema mzee alikosea. Alikosea kosa la mtu aliyezoea kushinda. Subirini.

Jumamosi, Kagarama, uani kwa Mama Kankindi, mama yake Umulisa. Mahema mawili, maua, spika kubwa kila kona. Mama Kankindi hakuwa ameambiwa lolote, na alikuwa anang'aa utadhani yeye ndiye anayeolewa. Bibi harusi yuko ndani na wasichana wake, hatoki mpaka aitwe. Spès alijibanza kiti cha nyuma kabisa, nyuma ya mgongo wa baba yake mdogo.

Maneno yakaanza. Msemaji wa upande wa Keith alikuwa Mzee Aimable, mnene, mcheshi, sauti ya kuhubiri. Walizungumza Kinyarwanda, mimi nawaletea kwa Kiswahili. Wakataniana kuhusu ng'ombe, wakataniana kuhusu njia, halafu Mzee Salvator akasimama, akaegemea fimbo.

"Ng'ombe wenu tumewasikia, wazuri. Tatizo ni kijana. Tumesikia ana nyumba nyingine Gikondo, nyuma ya magereji. Ana mke, anaitwa Shallon, na mtoto mchanga. Sisi binti yetu hatumtoi akawe yaya!"

Mahema yote mawili yakalipuka kwa kicheko. Spès hakuwa anatazama watu. Alikuwa anamtazama Keith, anasubiri jasho.

Keith alitupa kichwa nyuma akacheka mpaka akajipiga makofi magotini. Akamgonga mwenzake bega. Akafuta macho kwa kitambaa. Kama kulikuwa na jasho, basi ni la kucheka.

"Mke mmoja tu?" Mzee Aimable akanguruma. "Mmesikia vibaya! Anao saba, na nyumba ina vyumba vinane! Ndiyo maana tumekuja!"

Watu hoi. Mzee Salvator akasogeza fimbo mkono wa pili. Niliyemuuliza aliniambia mzee alionekana ghafla amezeeka.

"Lakini desturi ni desturi," Aimable akaendelea. "Maneno haya yana mwenyewe. Tupeni shahidi wenu tumpime. Isije ikawa ni ishyari tu, tukaharibiwa siku!"

"Shahidi! Shahidi!" Watu wakaanza kupiga makofi kwa pamoja.

Mzee Salvator aliitazama fimbo yake. Mtu wa maneno, siku ile alikosa hata moja. Hapo Spès akapiga moyo konde, akasimama mwenyewe, akapita katikati ya viti mpaka kwenye ile nafasi kati ya mahema. Akapewa maiki.

"Jina lako, shahidi?"

"Spès. Mshonaji, wa Muhima."

"Umeolewa?"

"Sijaolewa."

"Ahaaa!" Aimable akawageukia watu, mikono juu. "Hajaolewa! Kesi imekwisha!"

Kicheko hicho, hema lilitaka kung'oka.

"Haya, shahidi, sema kweli mbele ya wazee. Una wivu, huna?"

"Ninao."

Watu wakatazamana, hawakulitegemea jibu hilo. Spès akashika maiki kwa mikono miwili.

"Nina wivu na Umulisa siku nyingi. Ana kazi, ana mama, anapendwa, na leo mmemjia. Mimi hawakunijia. Niliposikia habari za Shallon nilifurahi, Mungu ananiona. Lakini habari ni ya kweli. Keith ana mke. Mtoto wao anapewa jina huko Nyagatare. Mama Kankindi, mama yangu, nakuomba, usimtoe mtoto wako."

Akarudisha maiki.

Makofi! Miluzi! Mama mmoja upande wa Keith alikuwa analia kwa kucheka, anamwambia jirani yake, "Huyu walimtoa wapi? Angeigiza kwenye televisheni!" Na Mama Kankindi, yeye mwenyewe, alisimama akapiga makofi juu ya kichwa.

"Spès weee! Sikujua una kipaji, mwanangu!"

Jamani, kuna kuumia, na kuna kuumia kwa Spès siku ile. Alisema kweli mbele ya umati mzima, kwa spika, na hakusikiwa na mtu.

Mzee Aimable akatoa hukumu: shahidi amekutwa na ishyari, na faini yake ni kumpelekea bwana harusi pombe kwa mikono yake, amnyweshe, yaishe. Wakampa kibuyu na mrija. Angekataa vipi? Akaenda.

Keith akainama kwenye mrija, akanyonya kidogo, watu wakashangilia. Alipoinua kichwa alikuwa bado anatabasamu kwa ajili ya kamera. Akasema polepole, kwa Kiswahili, Spès peke yake asikie.

"Asante sana, dada Spès. Sasa hata Shallon mwenyewe akitokea hapo getini, watasema umemkodisha kama nguo zako."

Spès akarudi nyuma, kibuyu mkononi. Akamtazama baba yake mdogo. Mzee alikuwa ameketi, mkono usoni.

"Nisamehe, binti yangu," alimwambia baadaye. "Ulimi wangu ndio uliomsafisha."

"Kesi imefutwa!" Aimable alikuwa anapaza sauti. "Sasa tuleteeni ua letu!"

Ngoma ikalia. Mlango wa nyumba ukafunguka, wasichana wakatoka kwa mwendo wa taratibu, mikono imeinuliwa, na katikati yao Umulisa, amebeba agaseke, kile kikapu cha kifuniko chenye ncha ambacho bibi harusi anakileta na zawadi ndani. Wanawake wakapiga vigelegele. Spès alikuwa bado amesimama katikati ya uwanja, hajui aende upande gani, na msafara ukamjia moja kwa moja.

Alifikiri Umulisa atampita. Umulisa akasimama.

Wasichana nyuma yake wakagongana. Watu wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakaanza kutabasamu.

"Nilikuwa dirishani," Umulisa akasema, midomo haichezi. "Maneno nimeyasikia kwa spika. Lakini mimi nilikuwa natazama uso wako."

Spès akakikumbatia kibuyu.

"Leo hukutabasamu."

"Sina tena cha kutabasamia, Umulisa."

"Keith anasema Shallon umemtunga. Haya. Mtu akitunga, anatunga mke, anatunga mtoto, anaishia hapo. Huyo mtoto anapewa jina gani?"

Spès alikumbuka Jumatatu, Shallon mlangoni, anafunga mfuko wa nguo huku anajisifu kwamba jina la mtoto lilichaguliwa na baba yake mwenyewe. Alikuwa amelisahau kabisa, lilikuwa jina tu la mtoto wa mteja.

"Iteka," akasema. "Alisema ataitwa Iteka."

Umulisa alifumba macho.

"Rudia."

"Iteka. Baba yake ndiye kalichagua. Kwani vipi?"

"Hilo ni la kwetu." Sauti ilikuwa ndogo kabisa. "Mimi na Keith. Tulikubaliana mtoto wa kwanza akiwa wa kike ataitwa Iteka. Sijamwambia mama. Sijakwambia wewe. Nilikuwa naona aibu kulitaja kabla ya harusi."

Ngoma iliendelea kulia. Mzee Aimable alikuwa anaita kwa maiki, "Ua letu, mbona umekwama njiani? Shahidi, mwachie!" Watu wakacheka. Upande wa pili Keith alikuwa amesimama kumpokea, mikono wazi, na kwa mara ya kwanza siku ile tabasamu lilikuwa limebaki mdomoni tu. Alikuwa anawatazama wote wawili, na anajipangusa paji la uso.

"Nibane hapa," Umulisa akasema. "Begani. Natacha hajui kubana."

Spès akaweka kibuyu chini, akachomoa pini kwenye ukosi wake, akambana. Akajichoma, tone la damu likaingia kwenye kitambaa cheupe. Hakuna aliyeliona ila wao.

"Utafanya nini?"

Umulisa alimpa Spès kile kikapu akishike, akaenda mwenyewe, bila wasichana, mpaka kwa Mzee Aimable, akamnyang'anya maiki mkononi. Akaligeukia hema la mama yake.

"Mama," alisema, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote.

Aimable alipiga paja. "Haya sasa! Bibi harusi naye ana kesi!"

Na kabla Umulisa hajasema neno la pili, watu walikuwa wameshaanza kucheka.